Kidonge cha Karani

Jumanne, 4 Machi

Kupe wamezidi. Mvua zilikatika wiki iliyopita, nyasi za nyuma ya nyumba zimefika magotini, na huko ndiko wanakozaliana. Baba ameshinda kibarazani, Karani kamlalia miguuni, anamkagua kwa vidole. Macho ya Baba siku hizi yanatenganisha mwanga na kivuli tu, lakini kupe hampiti. Anaanzia nyuma ya masikio, anashuka shingoni, kwapani, hadi katikati ya vidole vya miguu. Akimpata anamng'oa taratibu na kumtumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa. Niliporudi kazini nikachungulia ndani ya kopo. Ishirini na watatu.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," akaniambia. "Vua viatu, kaa hapa nawe."

Aibu yangu. Miaka minane nimeajiriwa kliniki ya wanyama, na mbwa wa nyumbani kwetu anaokotwa kupe kwa mkono! Bahati nzuri leo nilikuja na kidonge cha kutafuna, kile cha mbwa wa kilo kumi hadi ishirini. Karani ana kilo kumi na nane, nilimpima mwezi uliopita. Ila kwangu hali kitu, hata umpe nyama. Mbwa huyu aliitwa Karani kwa sababu anakaa getini na kumkagua kila anayeingia kama anadai stakabadhi. Mtu pekee asiyedaiwa ni Baba. Kwa hiyo Baba ndiye aliyempa. Akatafuna, akalamba kiganja. Imekwisha.

Jumatano, 5 Machi

Kupe wanadondoka wenyewe, wamekauka kama mbegu za papai. Baba anapitisha mkono mgongoni kwa Karani, hapati kitu, anatabasamu.

Karani amebakiza chakula nusu sahani. Itakuwa joto, nikamwambia Baba.

Alhamisi, 6 Machi

Naandika kliniki, saa ya chakula.

Saa moja kasoro asubuhi nilikuwa napiga pasi sare. Baba akaniita. Mara moja, bila kupaza sauti — ndiyo maana nilikimbia. Karani alikuwa chini, ubavuni, miguu inapiga hewa kama anayeogelea. Meno yanagongana. Povu. Mkojo umetapakaa. Baba kapiga magoti, kaweka kiganja chini ya kichwa cha mbwa ili kisigonge sementi, na kiganja ndicho kilichokuwa kinagonga.

"Anafanyaje? Niambie anafanyaje."

Nikamwambia kila nilichokiona. Sikuwa na la kufanya zaidi ya kusema. Dakika mbili kwa saa ya ukutani.

Kisha akaacha. Akainuka, akayumba, akagonga mguu wa meza. Baba akanyoosha mkono kumshika. Karani akamngurumia.

Kumngurumia Baba. Miaka kumi sijawahi kusikia hilo. Baba akaurudisha mkono wake polepole, akaupangusa kwenye shati kana kwamba ni mkono ndio uliokuwa na kosa.

Tulimleta kliniki kwa gari la jirani. Akaanguka tena juu ya meza ya daktari. Sindano, kisha akalegea akalala. Daktari akapima joto la mwili, akatoa damu, akaniuliza amekula nini tangu juzi. Nikamtajia kidonge.

"Inawezekana. Na inawezekana si chenyewe. Mbwa ni mzee. Amewahi kuanguka kabla?"

"Hapana," nikasema. Hapo hapo, bila hata kumeza mate.

Jioni. Baba hakula. Nikamweleza aliyosema daktari, na swali lake, na jibu langu.

"Aliwahi," Baba akasema. "Alipokuwa mdogo, kabla wewe hujarudi kukaa hapa. Mara moja, chini ya meza. Akainuka, akaomba chakula. Nikasema ni utoto."

"Baba, mbona hukusema nilipoleta dawa?"

"Hukuniuliza."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa nafuu.

Ijumaa, 7 Machi

Ndani ya kila boksi la vidonge vile kuna karatasi ya maelezo, imekunjwa mara nane. Leo nimeikunjua. Iko pale, mstari wa kumi na tano, herufi za kutafutia miwani: itumike kwa tahadhari kwa mbwa aliyewahi kupata kifafa.

Nimefungua maboksi mangapi? Mamia. Nampa mteja kidonge, karatasi inabaki droo ya kaunta, tunaandikia namba za simu nyuma yake. Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema. Mwenye macho alikuwa mimi.

Jumapili, 9 Machi

Karani amerudi nyumbani na dawa ya kifafa, nusu kidonge asubuhi, nusu jioni. Anatembea akigusa ukuta. Wanatembea hivyo hivyo wote wawili sasa. Baba hajaenda kwa kinyozi, ingawa Jumapili ni siku yake. Bila Karani mbele hatoki getini.

Wakati wa dawa ya asubuhi Karani aligeuza uso. Baba akashika ile nusu mkononi, akangoja. Muda mrefu. Mwishowe mbwa akala.

Nikamwambia Baba, nisamehe, kidonge kile nilikileta mimi.

"Ulileta wewe," akasema. "Lakini alikula kwa sababu mkono ni wangu."

Nikaenda kufua mablanketi.

Jumatatu, 10 Machi

Leo kuna jambo nimelikumbuka, na ningependa nisingelikumbuka.

Mama mmoja alipiga simu kliniki. Mbwa wake kalala tu, hataki kula. Nikafungua kinywa niseme "itakuwa joto, mama" — na sauti yangu ikanirudia, lakini si ya wiki iliyopita. Ya Januari.

Fundi saa. Yule mzee mwenye kibanda jirani na duka la viatu. Alinunua kidonge kile kile kwa mbwa wake jike. Siku mbili baadaye akapiga: anatetemeka, miguu ya nyuma haishiki. Mimi nilikuwa nakula. Simu nimeibana kwa bega, kijiko mkononi. Nikamwambia: itakuwa joto, mzee, mweke kivulini, mpe maji mengi. Akashukuru. Nikaendelea kula.

Sikumwita daktari. Sikuandika popote. Nimepekua daftari la mapokezi la Januari lote. Kidonge alichonunua kimeandikwa, tena kwa mwandiko wangu mzuri. Simu yake haimo.

Yule mama wa leo nilimwambia amlete mbwa mara moja. Mbwa ana homa ya kupe. Angechelewa siku moja tu, daktari alisema, angekufa.

Jumanne, 11 Machi

Nimemweleza daktari habari ya fundi saa. Alikuwa anasugua mikono kwenye sinki. Akaendelea kusugua hata baada ya sabuni kwisha.

"Dada, vidonge hivi nimevitoa kwa mbwa zaidi ya mia mbili. Mwaka juzi, kabla havijafika hapa, tulizika watoto wa mbwa kumi na mmoja kwa homa ya kupe. Unakumbuka?"

Nakumbuka. Nilikuwa nawafunga kwenye magazeti.

"Basi. Tukianza kuvitangaza vibaya, watu watarudia mafuta ya taa na dawa za kunyunyizia ng'ombe. Paka watakufa, mbwa watakufa."

Ni kweli. Hilo ndilo gumu, kwamba ni kweli. Nikamwambia sitangazi, nauliza tu kama kuna mahali pa kuandika. Akasema ipo fomu ya madhara yanayoshukiwa. Ipo kwenye faili la kijani. Hajaijaza miaka mingi.

Faili la kijani lilikuwa chini ya katoni ya glavu. Fomu zimekuwa njano pembeni.

Jumatano, 12 Machi

Nilipiga simu ofisi ya dawa za mifugo. Akapokea mama mmoja, sauti ya mtu aliyezoea kusubiriwa. Nikamwambia sina hakika na kitu, mbwa mmoja ni mzee, mwingine sijui hata kama yu hai, daktari wetu anaona huenda ni sadfa.

"Neno ni kushukiwa, mwenzangu," akasema. "Hatukuombi uhakika, hiyo ni kazi yetu sisi huku. Wewe andika uzito, tarehe, namba ya toleo ile iliyopigwa pembeni mwa boksi, na kilichotokea. Na kama kuna mahali mlikosea, andikeni pia. Watu wanatuletea fomu safi sana. Fomu safi haitusaidii."

Nikamuuliza wamepata nyingine za kidonge hiki? Akasema zipo, si nyingi, na kwamba wengi hawaandiki kwa hiyo "si nyingi" haina maana sana. Halafu akaniuliza Karani anaendeleaje. Swali hilo sikulitegemea. Nilikata simu bila kuaga.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda kwa fundi saa.

Kibanda chake ni chembamba, mtu anaingia ubavu. Saa zimejaa ukutani na kila moja inasema lake. Akaniona nazitazama.

"Ya mlangoni tu ndiyo ya kweli," akasema. "Hizo nyingine ni wagonjwa."

Nikajitambulisha — wa kliniki. Akaitoa lenzi ya kukuzia aliyokuwa ameibana jichoni. Nikamuuliza habari za mbwa wake.

"Shangazi alikufa. Januari. Siku moja baada ya kuwapigia."

Shangazi ndiyo jina alilompa, kwa sababu alikuwa anamgombeza kila mtu mpaka mwenye nyumba. Alinieleza hivi, huku mkono wake ukitafuta bisibisi na kuiacha, ukiitafuta na kuiacha. Siku ile alimfunga nyuma ya kibanda, kwenye banda la mabati, kwa kuwa mwenye nyumba alilalamika. Mchana akaenda kumtazama akamkuta anatetemeka. Akapiga kliniki. Akaambiwa ni joto.

"Nikajua ni mimi," akasema. "Mabati yale mchana ukiyagusa unaungua. Mimi ndiye niliyemfunga pale. Nikamtoa, nikammwagia maji, nikakaa naye chini ya mti mpaka jioni. Kesho yake akaanguka, akawa anapiga miguu, hakuamka. Nimelivunja lile banda kwa mikono yangu. Miezi miwili najua kwamba nilimuua kwa jua."

Nikamwambia. Simu ile nilipokea mimi. Sikumuuliza daktari. Huenda ilikuwa kidonge. Mbwa wa baba yangu naye amepatwa na kama hayo hayo, wiki iliyopita, baada ya kidonge hicho hicho.

"Kwa hiyo ni dawa."

"Sijui, mzee."

"Ni jua?"

"Sijui. Inawezekana jua, inawezekana dawa, inawezekana alikuwa na ugonjwa wake. Ningejua kama ningekuuliza siku ile. Sikukuuliza."

Akairudisha lenzi jichoni. Akainamia saa ya mkono iliyokuwa wazi mbele yake. Nilisimama pale, zile saa mbovu zikigonga kila moja kwa wakati wake. Nikadhani mazungumzo yamekwisha.

"Ulinipa jua," akasema bila kuinua kichwa. "Nikalichukua, nikalala nalo, nikaamka nalo. Leo umekuja kuninyang'anya, na huna cha kunipa badala yake."

"Sina."

"Basi angalau hudanganyi."

Nikamwonyesha fomu. Nikamwuliza kama tunaweza kuijaza pamoja, uzito wa Shangazi, tarehe, namba ya toleo. Akasema vitu vyake vyote alivitupa, kamba, sahani, kila kitu. Akasema ana kazi. Nikaiacha fomu juu ya meza yake, karibu na taa, nikatoka ubavu kama nilivyoingia.

Barabarani nilikumbuka sikumpa pole. Nikarudi. Nikampa pole mlangoni, ikiwa imechelewa miezi miwili. Akaitikia kwa kichwa.

Jumapili, 16 Machi

Karani ameanguka mchana, mara moja. Baba alihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kama mtu anayemfundisha mtoto. Alifika arobaini. Siku ile ya kwanza angehesabu angefika mia na zaidi. Karani alipoamka hakumngurumia. Alimnusa mkono muda mrefu, kisha akaweka kichwa juu yake.

"Amenikagua," Baba akasema. "Nimepita."

Tukacheka kidogo. Mara ya kwanza tangu wiki ile.

Jumanne, 18 Machi

Fomu ya Karani nimeimaliza. Ya Shangazi nimejaza ninayoyajua kwenye nakala nyingine. Visanduku vingi ni rahisi. Umri. Jinsia. Siku ngapi baada ya dawa. Kuna kimoja tu kilichonichukua asubuhi nzima: *Ushauri uliotolewa kwa mwenye mnyama.*

Niliandika: "Mteja alishauriwa kwamba huenda ni joto." Nikaisoma. Alishauriwa na nani, na upepo? Nikafuta. Nikaandika: "Mteja alishauriwa na kliniki." Kliniki haina mdomo. Nikafuta tena, karatasi ikatoboka, nikachukua nyingine.

"Mimi, msaidizi wa mapokezi, nilimwambia kwa simu kuwa ni joto. Sikuuliza kama mbwa amekunywa dawa yoyote. Sikumjulisha daktari."

Kwenye ya Karani nikaandika: "Mimi ndiye niliyeleta dawa nyumbani. Mbwa alikuwa na historia ya kuanguka. Mwenye mbwa hakuulizwa."

Nikazipeleka ofisini kwa daktari. Sehemu ya sahihi yake ipo chini kabisa. Akasoma ya kwanza, akasoma ya pili. Akavua miwani.

"Unajua hii ikienda hivi, wa kwanza kuulizwa ni mimi. Wewe ni mtu wangu."

"Najua, daktari."

"Ungeandika tu 'joto' na kuacha hapo, ingetosha."

Hakusema hapana. Aliziweka chini ya kile chuma anachobania karatasi. Hakusaini.

Kwa wateja nimeanza kuuliza. Wote. Amewahi kuanguka? Kutetemeka? Hata mara moja, hata utotoni? Wengine wanakereka, foleni inarefuka. Mzee mmoja akaniambia kuuliza si ujinga lakini wewe umezidi, binti. Leo kati ya wanane, mmoja alisema ndiyo. Mmoja. Daktari akampa dawa ya aina nyingine bila kuniuliza kwa nini nimemwita.

Alhamisi, 20 Machi

Saa saba na robo mchana. Naandika hapa hapa kaunta, chini ya daftari la mapokezi.

Fundi saa yuko kwenye benchi. Amekuja mwenyewe, kavaa koti, ile fomu niliyomwachia kaikunja vizuri mfukoni. Kaijaza yote, kwa herufi za mtu aliyezoea vitu vidogo. Uzito, kilo kumi na nne. Amewahi kuanguka kabla: hapana, kadiri nijuavyo. Kwenye kisanduku cha ushauri kaandika maneno yangu kama nilivyoyasema, hata lile "mzee" kaliweka.

Kisha akatoa boksi. Boksi la kidonge.

"Nilikuambia nilivitupa vyote. Hili nililisahau, nilitia springi za saa humo."

Kazimimina kwenye leso yake pale kwenye benchi, moja moja, asipoteze hata moja, akanipa boksi tupu. Nikalinganisha namba ya toleo na ya Karani. Si moja. Zimeachana kabisa, hata mwezi wa kutengenezwa. Kwa hiyo si boksi moja bovu. Huenda ni sadfa, huenda si sadfa, na tumerudi pale pale. Nikamwambia hivyo hivyo. Nilidhani atachukua boksi lake aende.

"Uliponiambia joto nilikuamini kwa sababu nilitaka jibu," akasema. "Leo sikuja kutafuta jibu. Nataka iandikwe. Na aliyeiandika ajulikane."

Daktari alitoka na glavu zake. Zile fomu zangu bado ziko mezani kwake, siku ya pili, nafasi ya sahihi tupu. Nikamwambia huyu ndiye mwenye Shangazi. Akamtazama, akalitazama boksi, akanitazama mimi.

"Kweli ulimwambia ni joto?"

"Nilimwambia."

"Bila kuniita."

"Bila kukuita. Ulikuwa chumba cha pili tu."

Akasema ana paka mezani, dakika tano, kisha tuingie wote wawili. Akafunga mlango.

Fundi anazikusanya springi katikati ya leso, anaikunja, anafunga fundo. Mgongo wake haujaegemea ukuta. Simu imelia mara mbili, nimeipokea mara mbili, nimeandika zote mbili, saa na dakika.

Mlango umefunguka. Daktari kavua glavu. Fomu anazo mkononi, na kalamu. Anauliza nani ataanza kueleza.

Fundi hakunyanyuka.

"Aanze huyu," amesema. "Ndiye aliyepokea simu."